Kutoka Dodoma kwenda Makumbusho ya Taifa Dar na watoto, tuanzie wapi?

Mama Makulu:
Mbukwenyi wakuu. Likizo hii nawapeleka wanangu Dar kwa treni ya SGR na Makumbusho ya Taifa lazima tupite. Wako shule ya msingi, mkubwa Zinjanthropus, yule zamadamu wa Olduvai, kashamkariri darasani hadi ananiuliza eti fuvu lina meno? Nasikia kuna jengo la zamani la mkoloni halafu mapya yameongezwa, sasa nianzie wapi wasije wakachoka kabla ya kuona ya maana?

kijana_wa_area_c:
Mama karibu sana. Anza na fuvu wakiwa bado na nguvu, hayo mengine yatafuata. Mwambie dogo meno yapo, ya juu yote, na magego ni makubwa balaa, taya la chini ndo halikupatikana. Halafu muoneshe pale utosini, kuna mfupa umesimama kama kishungi cha jogoo, hapo ndipo misuli ya kutafunia ilikuwa inashika maana huyu jamaa alitafuna vyakula vigumu haswa. Mary Leakey alilipata Olduvai 1959, na umri wake ni kama miaka milioni 1.75. Mwache mtoto aliangalie mpaka atosheke, usimharakishe.

Mzee wa Kikuyu:
Nakubaliana na kijana ila msipite tu lile jengo la zamani mkikimbilia ndani. Lilifunguliwa 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano wa Uingereza, tukapata uhuru, 1963 yakaongezwa majengo mengine, na baadaye ikaja hii Nyumba ya Utamaduni ya kisasa. Simameni nje kwanza watoto waone wenyewe kipi kilijengwa na mkoloni na kipi tumejenga sisi, mimi naona hiyo peke yake ni somo la historia. Magari ya zamani nayo wataya­penda, Rolls-Royce aliyotumia Mwalimu Nyerere ipo. Na kuna kumbukumbu ya bomu la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998, hapo waeleze taratibu, watu wetu walikufa.

Mama Makulu:
Asanteni mno. Ni mbali na stesheni?

kijana_wa_area_c:
Hapana, ni mjini hapo hapo, chukua bajaji mwambie Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na chuo cha IFM, bustani ya Botaniki iko hapo karibu watoto watapumzika kivulini.

mrangi_halisi:
Dada yangu mkirudi wapeleke na Kolo, Kondoa, ni mkoa wetu huu huu na michoro ya miambani ya kule iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006. Watu na wanyama wamechorwa kwa rangi nyekundu juu ya jiwe, hakuna kabati wala kioo. Wavae raba maana ni kupanda mlima, mbebe maji, na mpitie kwanza ofisi ya mambo ya kale pale Kolo mpewe muongozaji.