Yuko mwaka wa pili El- och energi Uswidi, ana F (kufeli) tatu: atapata yrkesexamen (cheti cha ufundi) kweli?

Shangazi_Boras

Salaam wadau. Naomba mwongozo kwa wanaozijua shule za ufundi za huku Uswidi. Mtoto wa kaka yangu alianza Agosti 2024 programu ya El- och energi (umeme na nishati), mwelekeo wa Elteknik (ufundi umeme), kwa hiyo anatakiwa amalize Juni 2027. Ana F kwenye Matematik 1a (pointi 100), F kwenye Mekatronik 1 (100) na F kwenye Historia 1a1 (50). Idrott och hälsa 1 (michezo na afya) hawajaandika herufi, wameweka kistari tu. Kwingine kote kafaulu, nyingi ni E na D.

Mwenyewe anasema sheria inaruhusu F za pointi 250, na zake zinafika 250 kamili, kwa hiyo tusimsumbue. SYV (mshauri wa masomo) wa shule anapendekeza aziache Svenska 2, Svenska 3 (Kiswidi) na Engelska 6 (Kiingereza) apate kupumua. Rektor (mkuu wa shule) naye kagusia kitu kinaitwa reducerat program (programu iliyopunguzwa). Halafu amebakiwa na pointi 100 za individuellt val (kozi ya kujichagulia), na kwenye orodha kuna modersmål (lugha mama) ya Kiswahili. Tuanzie wapi?

KalamuNyekundu

Shangazi, kijana kajumlisha vizuri ila kasoma nusu ya sheria. Ni kweli mwanafunzi wa yrkesprogram (programu ya ufundi) anatakiwa kufaulu pointi 2,250, na programu ya kawaida ni 2,500, kwa hiyo inabaki nafasi ya 250. Lakini nafasi hiyo haitumiki popote anapotaka. Kuna kozi ambazo F yake inazuia cheti hata kama kwingine kote ana A.

Ya kwanza ni Svenska 1 au Svenska som andraspråk 1 (Kiswidi kama lugha ya pili), ambazo ziko sawa kabisa kisheria. Kisha Engelska 5, Matematik 1a, na gymnasiearbete, ile kazi ya mwisho ya pointi 100 ambayo gredi zake ni mbili tu, E au F. Juu ya hizo kuna pointi 400 za masomo ya pamoja ya programu, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Kwenye El- och energi masomo hayo ni manne: Datorteknik 1a, Elektromekanik, Energiteknik 1 na Mekatronik 1, kila moja pointi 100. Zijumlishe uone: ni 400 kamili, hakuna ya akiba. F moja hapo na yrkesexamen haipo.

Kwa hiyo kati ya F zake tatu, inayoweza kubaki hadi mwisho ni Historia peke yake. F za Matematik na Mekatronik lazima zifutwe.

Sasa kile kistari. Kwa maoni yangu ndicho cha kushughulikia kwanza, kabla hata ya hesabu. F ni gredi. Maana yake mwalimu amepima kazi akaona haijafika. Kistari maana yake hakuna cha kupima, kwa kawaida kwa sababu ya utoro. Cheti kinadai kozi zote zilizo kwenye studieplan (mpango wake wa masomo) ziwe na gredi, na kistari si gredi. Mtu anaweza kuwa na pointi 2,400 zilizofaulu akatoka na studiebevis (hati ya masomo tu) badala ya yrkesexamen kwa ajili ya kistari kimoja cha Idrott. Ni kichekesho, lakini sheria ndivyo ilivyo.

FundiWaya

Naongezea upande wa kazi. Aangalie sana Elinstallationer, ile ina pointi 200 peke yake. Akiibeba F ya Historia na kuongeza F ya Elinstallationer, 250 imekwisha na hana pa kuteleza tena. Na mwajiri gani atamchukua fundi umeme mwenye F kwenye ufungaji wa umeme?

APL (mafunzo kazini) ni angalau wiki 15 kwa miaka mitatu, na iko ndani ya kozi, haielei nje. Gredi anaweka mwalimu, siyo msimamizi wa kampuni, ila mwalimu anaandika kwa kile anacholetewa. Kijana anafanya kazi safi wiki tatu, harudishi daftari la kumbukumbu, msimamizi hajajaza fomu, basi kwa mwalimu ni kama hakufanya. Kila Ijumaa aandike: kazi gani, kebo gani, alipima nini na kwa kifaa gani, nani alikagua. Mistari mitano inatosha.

Mekatronik 1 siyo ngumu kwa kichwa. Kinachowaangusha watu ni ripoti. Mtu anaunganisha, mashine inazunguka, anaona kamaliza. Kigezo kinadai pia utafutaji wa hitilafu na maandishi yake: tatizo lilikuwa nini, ulipima wapi, ulipata nini, ulibadilisha nini. Amwendee mwalimu amuulize kwa majina ni sehemu zipi zinakosekana. Mara nyingi ni ripoti mbili tatu na zoezi moja la karakana, siyo kozi nzima.

KalamuNyekundu

FundiWaya yuko sahihi, na ndiyo sababu Mekatronik nisingeipeleka kwenye prövning. Shangazi, prövning ni kupimwa kozi nzima kwa mkupuo, bila kukaa darasani muhula mzima. Mwanafunzi ana haki nayo bure shuleni kwake kwa kozi iliyo kwenye studieplan yake ambayo hajafaulu. Akishamaliza shule inaweza kutozwa ada hadi kronor 500. Akishapata E harudii ili kupandisha gredi akiwa bado mwanafunzi wa gymnasiet (sekondari ya juu), kwa hiyo asiichukulie kama njia ya kuremba cheti.

Prövning inafaa kozi ya kitabu kama Matematik au Historia. Kwa kozi ya karakana inakuwa nzito, kwa sababu anatakiwa aoneshe kwa vitendo yote ya mwaka mzima ndani ya muda mfupi. Huko bora arudie pamoja na darasa linalokuja nyuma yake, au amalizie vipande vilivyobaki. Kurudia kozi aliyopata F ni haki yake, siyo fadhila. Kama ratiba inagongana, hilo ni la rektor kutatua, na walio na F nyingi wanaweza kupangiwa hata mwaka wa nne.

Matematik 1a: kabla ya kujiandikisha aombe kwa maandishi sehemu zitakazopimwa na mtihani mmoja wa zamani. Ama yuko dhaifu kwenye hesabu yenyewe, ama kwenye Kiswidi cha maswali. Hizo ni dawa mbili tofauti.

FundiWaya

Njia ya kujua: mpe swali la kazini. Fyuzi ya ampea 10, volti 230. Kuna hita ya wati 2,000 na birika la umeme la wati 1,000 kwenye laini moja. Itakata au haitakata? Jumla 3,000, gawa kwa 230, unapata kama ampea 13. Inazidi 10, kwa hiyo laini imezidiwa na fyuzi inatarajiwa kukata. Akilijibu kwa Kiswahili lakini likiandikwa kwa Kiswidi analiacha wazi, tatizo ni lugha, aombe msaada wa studiehandledning (kuelezwa masomo kwa lugha yake). Kama hajui agawe nini kwa nini, shida ni kugeuza kanuni: P = U × I, atoe I. Hiyo ndiyo nusu ya Matematik 1a ya watu wa umeme, nyingine ni asilimia, jometri na takwimu.

MamaWawili_GBG

Kuhusu kuziacha Svenska 2, 3 na Engelska 6: tangu 2023 kozi hizi zinaingia kwenye yrkesprogram moja kwa moja na mwanafunzi ana haki ya kuzikataa. Ni pointi 300. Faida yake ni sifa ya msingi ya kuomba chuo kikuu. Mimi ningesema azishike. Watoto wetu wakishaanza kupokea mshahara kurudi komvux (shule ya watu wazima) jioni ni shughuli.

FundiWaya

Hapo sikubaliani nawe, mama. Kijana ana mashimo mawili yanayozuia cheti chenyewe. Bila yrkesexamen hata hiyo sifa ya chuo kikuu haipo, kwa sababu inadai vyote viwili. Na fundi umeme hahitaji Svenska 3. Anachohitaji ni cheti, kisha uanagenzi wa saa 1,600 kwenye kampuni. Halafu watu wanachanganya: cheti cha shule hakimpi mtu auktorisation (kibali cha fundi umeme). Hiyo inatolewa na Elsäkerhetsverket, mamlaka ya usalama wa umeme, baada ya uzoefu. Asiye nayo anafanya kazi chini ya utaratibu wa kampuni wa kujikagua, egenkontrollprogram, hawezi kuchukua kazi zake mwenyewe za pembeni. Mjomba akimwita aje kufunga soketi nyumbani, jibu ni hapana.

KalamuNyekundu

Wote mna hoja. Mimi nauliza swali jingine: akiziacha, muda unaopatikana utakwenda kwenye Matematik na Mekatronik, au utakwenda tu? Kama shule itaandika kwenye ratiba kwamba saa hizo ni za kozi zenye F, aziache. Kama ni kupumua tu, azishike. Kozi hizi anaweza kuzisoma komvux baadaye, na mwenye yrkesexamen ana haki ya kupata nafasi kwa kozi za sifa ya msingi. Akizishika akapata F, F hiyo haimzuii cheti maadamu 2,250 zimefika. Akizishika asihudhurie, anarudi kwenye kistari.

Kama ndoto ni uhandisi, hata hizo tatu hazitoshi. Masomo ya högskoleingenjör (uhandisi wa chuo) yanadai Fysik 2, Kemi 1 na Matematik 3c. Njia ya kawaida ni kumaliza ufundi kwanza, kisha tekniskt basår, mwaka mmoja wa maandalizi.

Reducerat program: msitie saini mkiwa na haraka. Inapunguza hadi pointi 250, lakini aliyepunguziwa anatoka na studiebevis, hapati examen. Kuna wanaostahili, kwa mfano mtoto aliyezidiwa kabisa, lakini ni hatua ya mwisho. Kabla ya hapo shule inapaswa kuchunguza mahitaji yake na kuandika åtgärdsprogram (mpango wa kumsaidia). Kwenye kikao ulizeni: uchunguzi umefanyika? Umeandikwa wapi?

MamaWawili_GBG

Kiswahili achukue! Modersmål ina kozi za pointi 100, zinahesabika kama kozi nyingine yoyote. Manispaa inalazimika kuifundisha kama kuna wanafunzi wasiopungua watano na mwalimu anayefaa, na mwanafunzi awe anaijua lugha vizuri. Asidhani ni kupiga soga lakini. Kuna fasihi, kuna insha, na anayeongea Kiswahili cha mtaani tu bila kuandika hupata E kwa shida.

Na kistari cha Idrott kiangalieni hata kwa upande wa pesa. Utoro usio na ruhusa ukijirudia shule inaripoti CSN, wakala wa misaada ya masomo, na ile kronor 1,250 ya mwezi ya mwanafunzi inasimama. Kwenye familia yenye watoto wengi flerbarnstillägg (nyongeza ya watoto wengi) ya Försäkringskassan, bima ya jamii, nayo inaweza kupungua.

Shangazi_Boras

Mungu awabariki. Idrott sababu yake ni goti, aliumia kwenye mpira, akawa anakaa nyumbani siku za kipindi. Cheti cha daktari kipo. Je, hawawezi kumsamehe hiyo kozi? Na mdogo wake kaanza Agosti 2025 programu ya Vård- och omsorg (afya na utunzaji), sheria ni hizi hizi?

KalamuNyekundu

Kusamehewa kozi nzima, hapana. Kuna kifungu kinachomruhusu mwalimu kupita juu ya vipengele vichache vya vigezo, lakini ni kwa ulemavu au hali isiyo ya muda. Goti litakalopona haliingii. Kinachowezekana ni kubadilishiwa mazoezi: kuogelea badala ya kukimbia, mpango wa mazoezi ya nguvu ya mwili wa juu, na sehemu ya nadharia kuhusu afya na ergonomi, ambayo kwa fundi umeme ina uzito wake. Ahudhurie hata kama anakaa benchi na kazi ya kuandika. Mwalimu akiwa na cha kupima, hata ikiwa F, kistari kinaondoka. F hiyo ya 100 pamoja na Historia 50 ni 150, bado yuko ndani ya 250. Akipata E, bora zaidi.

Mdogo wake yuko kwenye Gy25, mfumo mpya. Hakuna kozi tena, kuna masomo yenye nivå (ngazi), na gredi ni ya somo: akifaulu nivå ya juu, gredi hiyo ndiyo inayosimama kwa somo zima, hata kama chini alikuwa na F. Kwa hiyo F ya mwanzo kwake haina uzito uleule. Milango ya lazima bado ipo: nivå 1 ya Svenska, Engelska na Matematik, pamoja na gymnasiearbete. Na kwa Vård, jina undersköterska (muuguzi msaidizi) limelindwa tangu 1 Julai 2023, anayetaka kulitumia anaomba bevis (hati) kwa Socialstyrelsen, mamlaka ya afya na ustawi. Studieplan yake mwombe SYV aichapishe, usitumie ya kaka yake.

Shangazi_Boras

Kikao ni Jumanne. Nitaanza na kistari, nifuatie orodha ya ripoti za Mekatronik, kisha tarehe ya prövning ya Matematik.

FundiWaya

Na orodha hiyo ya ripoti mwalimu aiandike hapo hapo mezani, usikubali kuambiwa itatumwa.