Tupeane uzoefu: unatumia kivinjari gani, na nini kilikuhamisha?

Steshenari Kaloleni (Arusha): Wakuu, habari za jioni. Kompyuta yangu moja bado ina Windows 7. Chrome yake imegota toleo la 109, maana toleo la 110, la Februari 2023, liliziacha Windows 7 na 8.1. Nikavumilia tu. Juzi mwanafunzi kaja kujaza maombi ya chuo, mwisho saa sita usiku, ukurasa ukafunguka mweupe pee. Nikampeleka kwa jirani, na buku mbili yangu ikaenda naye. Usiku uleule nikaweka Firefox 115 ESR, tawi ambalo Mozilla waliendelea kulipatia marekebisho ya usalama kwa ajili ya mashine kuukuu kama hii. Ukurasa ukafunguka. Nyie je?

Mama Pasua (Moshi): Pole kaka. Mimi na Opera Mini tangu enzi za simu ya batani, sababu ni bando tu. Kurasa zinapita kwanza kwenye seva zao, zinabanwa, ndipo zinanifikia. Sasa mwanangu kaniuliza, "Mama, huyo wa katikati unamjua?" Umbea nasoma humo, mambo ya benki nafungulia kwingine.

Fundi Sakina: Chrome ilipozima uBlock Origin, kile kiongezi cha kuzuia matangazo, mwaka 2025 nikaondoka. Nilianza na Brave, inazuia matangazo yenyewe, safi tu. Ila ndani ni Chromium, msingi uleule wa Chrome, sawa na Edge na Opera: daladala rangi tofauti, injini ileile. Nimetulia Firefox, yenye injini yake, Gecko. Tovuti mojamoja zinaigomea, hizo nazipeleka Edge yaishe.

Binti Majengo (Moshi): Mimi faragha niliijua kwa aibu. Nilikuwa steshenari fulani, nimeandika herufi moja tu ya barua pepe, zikashuka anwani za watu kama wanane. Mojawapo ya shemeji yangu! Nikaigusa kwa bahati mbaya, nywila ikajijaza yenyewe, vitone tiii. Siku hizi nafungua dirisha la faragha kwanza. Lakini msidanganyike, linaficha historia kwa atakayekaa kiti hicho baada yako, tovuti zenyewe bado zinakuona. Google walishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa hilohilo, na 2024 wakakubali kufuta rekodi.

Steshenari Kaloleni: Dada, umenigusa pabaya. Nimefungua orodha ya nywila hapa: 41, na yangu hata moja haimo. Nazifuta sasa hivi. Fundi, mashine ya pili ni Windows 10, nayo imeachwa tangu Oktoba 2025. Kesho asubuhi upo?