MREJESHO: Yule wa biashara ya dagaa Kirumba, Mwanza, aliyetaka kuomba kufilisika

Wakuu, ni mimi niliyeuliza nikiomba mahakama initangaze nimefilisika natakiwa kufanya nini. Asanteni sana aisee. Nilifuata ule ushauri wa kuorodhesha kila kitu, mali, madeni na hata wanaonidai mimi buku mbili tatu, nikawapelekea RITA (wakala wa serikali unaosimamia mambo ya ufilisi), nikiwa nimeiandika pia ile injini ya boti niliyotaka kuihamishia kwa shemeji (uliyenikataza ubarikiwe, kumbe kuficha mali ni jinai). Kikao cha wadai nilienda mwenyewe, nikahojiwa mpaka jasho likanitoka. Injini imeenda na wenzangu wa kikoba hawanisalimii mpaka leo, ila simu za usiku za wadai zimekata. Juzi nikaomba nyavu kwa mkopo pale sokoni Mwaloni, nikamwambia muuzaji ukweli kuwa nimefilisika, kama mlivyosema, akaninyima.