Duke Slater: kwa nini hakuvaa kofia ya kinga?

PropuWaJinja:
Wadau, habari za jioni. Nacheza raga hapa Jinja, mstari wa mbele, namba tatu. Jana nimeona picha ya 1921 ya futiboli ya Kimarekani, Chuo Kikuu cha Iowa wakiifunga Notre Dame 10-7. Kuna mtu mweusi mpana anawasukuma wapinzani ili mwenye mpira apite, kichwa wazi kabisa! Jina Duke Slater. Kofia aliikataa au alinyimwa?

MguuWaBombo:
Ndugu yangu, ilianzia shuleni, mji wa Clinton, jimbo la Iowa. Kila mchezaji alijinunulia vifaa. Baba yake alikuwa mchungaji, hela ilitosha kofia au viatu, si vyote. Mguu wake ulikuwa mkubwa mno, viatu vya kuazima havikuwepo, akachagua viatu.

Hapo ndipo nilipompenda. Mimi navaa 13. Nilipokuwa na miaka 17 nilizunguka soko la Owino, Kampala, kutwa, fungu kwa fungu, nikaambulia njumu za 12. Nikazipasua kisigino kwa wembe, nikacheza nazo msimu mzima. Kucha za vidole gumba ziling'oka zote mbili.

Slater alicheza NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, miaka 10, 1922 hadi 1931: Rock Island Independents, kisha Chicago Cardinals. Mwaka 1929 alikuwa mweusi pekee katika ligi nzima. Tarehe 28 Novemba mwaka huo mwenzake Ernie Nevers alifunga pointi zote 40 za Cardinals dhidi ya Chicago Bears, na rekodi hiyo haijavunjwa. Nevers anatajwa hadi leo. Aliyekuwa mbele akimfagilia njia ni Slater! Sisi wa mstari wa mbele tunajua uzito wa kazi hiyo.

Dada_Lira:
Ongezeni hili: 1924 timu yake ilikwenda Kansas City, akaachwa nje kwa sababu ya rangi. Timu ikashindwa. Na sheria aliisomea huku anacheza, akahitimu 1928. Mwaka 1948 akachaguliwa jaji Chicago.

PropuWaJinja:
Jaji! Asanteni sana. Na Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo, ule wa Canton, aliingizwa?

MguuWaBombo:
Alichaguliwa 2020. Alifariki 1966. Inaniuma.

PropuWaJinja:
Kaka, bado unavaa 13? Klabuni kwetu kuna jozi, mwenyewe ameacha mchezo. Soli nzima, kamba tu zimekatika. Nikuwekee kwenye basi la Jumamosi?