Fleti ya chumba kimoja Bamburi: miezi 14 bila mnunuzi

Mwalimu wa Malindi

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Naomba ushauri wa wale waliowahi kuuza nyumba ndogo hapa Mombasa, kwa sababu nimefika mahali ambapo sijui nishike lipi na niache lipi. Nina fleti ya chumba kimoja cha kulala huko Bamburi, ghorofa ya nne, katika jengo la fleti 24 lisilo na lifti. Niliinunua mwaka 2013 kwa shilingi milioni 3.1, nikaishi humo pamoja na mama yangu hadi mwaka 2019, magoti yake yaliposhindwa kupanda ngazi tukahamia Malindi. Tangu hapo nimeipangisha kwa shilingi 18,000 kwa mwezi, na katika fedha hizo 3,500 huenda kwa mlinzi, usafi na umeme wa pampu ya maji.

Niliitangaza kwa shilingi milioni 4.5, kisha nikashusha hadi milioni 4.2. Nimepaka rangi upya na kubadilisha mabomba yaliyoliwa na chumvi. Watu 19 wamekuja kuitazama, na karibu wote walisifu upepo wa barazani, lakini wakishashuka ngazi ndiyo kwaheri. Hakuna hata mmoja aliyetaja bei yake ili tuanze kuelewana. Dada yangu asema nishushe hadi milioni 3.5, na dalali asema nisubiri. Fedha hizo ndizo nitakazoezekea nyumba ya Malindi, ambayo kuta zake zimenyeshewa na masika mawili sasa. Je, tatizo ni bei, ni ngazi, au kuna jambo ambalo mimi silioni?

Mthamini Mstaafu

Waaleikum salaam, mwalimu, na mama apate afya njema. Kabla sijasema lolote juu ya bei, nieleze jambo moja: mkononi una karatasi gani hasa inayoonyesha kwamba fleti hiyo ni yako?

Mwalimu wa Malindi

Nina mkataba wa mauzo, risiti zote, na cheti cha hisa moja katika kampuni inayosimamia jengo. Hati ya kiwanja imebaki kwa mjenzi. Tulipokuwa tukinunua tuliambiwa hati ya kila fleti itafuata, na kwa kweli baada ya miaka miwili au mitatu tuliacha kuuliza, maana hakuna aliyetusumbua.

Mthamini Mstaafu

Basi hapo ndipo penye mwiba. Nimethamini nyumba kwa niaba ya mabenki kwa miaka mingi, na nakuhakikishia kwamba benki haiwezi kuweka rehani juu ya cheti cha hisa, kwa sababu haina hati ya kuisajilia rehani hiyo kwa msajili wa ardhi. Maana yake ni kwamba kila mtu anayetegemea mkopo wa nyumba ameshaondoka sokoni kwako kabla hajapanda hata ngazi moja, nawe umebaki na wenye fedha taslimu peke yao. Mwenye fedha taslimu ni mtu wa hesabu. Kodi yako ikitolewa gharama za jengo hubaki 14,500 kwa mwezi, yaani 174,000 kwa mwaka, na ukigawanya kwa milioni 4.2 utapata kama asilimia 4 tu. Katika miaka ya karibuni hati fungani za serikali zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10, bila mpangaji wala bomba linalovuja. Hata ukishusha hadi milioni 3.5, mtu huyo atapata asilimia 5, na bado atakushukuru na kwenda zake. Kwa hiyo ushauri wa dada yako, ingawa ni wa nia njema, utakupotezea laki saba bila kumleta mnunuzi unayemtaka.

Fleti ndogo hununuliwa na mtu wa mshahara anayeanza maisha: muuguzi, mwalimu mwenzako, mfanyakazi wa bandarini. Huyo ndiye anayehitaji hati, na hati hiyo inawezekana kupatikana. Sheria ya Kenya ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba 2020, inaruhusu kila fleti kuwa na hati yake pamoja na fungu lake katika ngazi, paa na kiwanja. Mpimaji mwenye leseni huchora ramani ya jengo inayoonyesha kila sehemu, ramani hiyo hupitishwa na ofisi ya upimaji, kisha msajili hufunga hati ya kiwanja na kufungua daftari la kila fleti. Lililo muhimu kwako ni kwamba mwenye kuanzisha jambo hili si mjenzi peke yake, kwani kampuni ya usimamizi au mwenye fleti pia aweza kuomba, na mjenzi akikataa kutoa hati ya kiwanja, msajili aweza kuizuia hati hiyo isifanyiwe muamala mwingine wowote. Gharama ya mpimaji na wakili ikigawanywa kwa fleti 24, kila mmoja wenu ataweza kuibeba. Ukiibeba peke yako itakuumiza.

Mama Salma wa Kisauni

Dada yangu mwalimu, mimi nilikuwa upande wa pili wa jambo hili miaka minne iliyopita, nikitafuta fleti kama hiyo yako, na nataka ujue mnunuzi huwa na hofu gani. Hapa Mombasa kila ukoo una mzee aliyejenga nyumba Majengo au Kisauni juu ya kiwanja cha mtu mwingine, akalipa kodi ya kiwanja miaka nenda miaka rudi, kisha kiwanja kikauzwa na nyumba ikabaki haina pa kusimama. Babu yangu yalimfika hayo. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba fleti ni yangu lakini kiwanja kina hati kwingine, niliyemwona mbele yangu ni babu. Sikumwambia muuzaji, kwa kuwa niliona haya. Nilisema tu kwamba ngazi ni nyingi.

Jambo la pili ni madalali. Nyumba moja niliiona imetangazwa na watu watatu kwa bei tatu tofauti, na kila mmoja alinitaka nilipe ada kabla ya kunionyesha mlango. Tafadhali itafute fleti yako katika matangazo ujionee mwenyewe. La tatu ni maji. Usimwambie mtu kwamba maji yapo. Mwonyeshe tangi, mwambie maji ya mfereji huja siku gani, kisima ni cha chumvi au la, na lori la maji hugharimu kiasi gani mfereji ukikauka. Fleti niliyoinunua hatimaye haikuwa na upepo wala mandhari, lakini mwenyewe aliniwekea mezani hati, stakabadhi za kodi ya ardhi ya kaunti na daftari la maji. Nililipa kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, nikidhaminiwa na wenzangu wa kazini.

Wakili wa Ganjoni

Nakubaliana na waliotangulia, ila mwalimu anahitaji paa, na hati za jengo zima huchukua muda. Hakuna kinachomzuia kuuza sasa kwa mtu anayeijua fleti, mradi hali ya hati iandikwe wazi katika mkataba. Desturi yetu ni arubuni ya asilimia 10 na siku 90 za kukamilisha, lakini pande zote zikikubaliana muda waweza kurefushwa, na sehemu ya bei ikabaki kwa wakili hadi hati itoke. Kodi ya faida ya mauzo ni asilimia 15 tangu Januari 2023, na hutozwa kwenye faida baada ya kutoa bei uliyonunulia na gharama ulizothibitisha, kwa hiyo risiti za mabomba zisipotee. Je, umewahi kumuuliza mpangaji wako?

Mwalimu wa Malindi

Sikuwahi, na sasa najiuliza kwa nini. Ni kijana wa kazi bandarini, amekaa humo mwaka wa tano, na hajachelewesha kodi hata mara moja. Nimempigia leo asubuhi. Ameniambia alikuwa akifikiri kwamba ninamtafutia mwenye nyumba mwingine, na kwamba kila mgeni alipokuja alikuwa akianza kutafuta pa kuhamia. Ameomba muda hadi mwisho wa mwezi aulize chama chake cha akiba watamkopesha kiasi gani, akataja milioni 3.6 kama mahali pa kuanzia mazungumzo.

Nimeyatafuta matangazo pia, Mama Salma. Fleti yangu imo mara nne, na bei ya juu kabisa ni milioni 5.2, ambayo mimi sijapata kuitamka. Nimewaandikia madalali wote wayaondoe. Wenye fleti tunakutana Jumapili baada ya alasiri chini ya jengo. Mwenyekiti amekubali suala la mpimaji liwe la kwanza, nami nitasafiri Jumamosi ili nipite mlango kwa mlango kabla ya kikao.