Chunusi za ukubwani: zinki, vitamini A, B komplex au omega 3, kipi nianze nacho?

BintiMakole (Dodoma)
Habari za humu wadau, naomba tulinganishe hapa, wenye uzoefu na wenye utaalamu wote karibuni. Nina miaka 31, sekondari nilikuwa na vichunusi vya kawaida tu vikaisha vyenyewe, ila tangu nijifungue zimerudi upya na safari hii haziko kwenye paji la uso, zimehamia kidevuni na kwenye taya, zile ngumu za ndani ukigusa zinauma halafu hazitoi hata kichwa, na ikikaribia hedhi ndo zinazidi. Ikipona inaacha doa jeusi linakaa miezi. Mkorogo sipaki na sitopaka.
Sasa kwenye duka la dawa nimeonyeshwa zinki, vitamini A ya vidonge vya mafuta, B komplex yenye bayotini, na omega 3. Muuzaji ananiambia zote ni za ngozi nimeze zote kwa pamoja. Mi hapo ndo nikasita, maana hela ni nyingi na nikipona sitajua kilichoniponya ni kipi, nikizidiwa pia sitajua. Kwa hiyo naomba kujua kipi cha kujaribu kwanza, kiasi gani, muda gani, na kipi nisikiguse kabisa. Mtoto nshamwachisha kunyonya, tusaidiane.

Mfamasia_Mza
Dada umefanya vizuri kusita. Kati ya hizo nne, zinki ndo yenye historia ndefu kwenye chunusi, Waswidi walianza kuijaribu tangu miaka ya 1970. Utafiti ambao mi huwa nauelezea sana wateja ni ule wa Ufaransa uliotoka 2001, watu 332 walifuatiliwa miezi 3, kundi moja linameza zinki 30 mg kwa siku na kundi jingine antibayotiki ya minosaiklini 100 mg. Waliopata nafuu kubwa upande wa antibayotiki walikuwa asilimia 63.4 na upande wa zinki asilimia 31.2. Maana yake zinki inasaidia baadhi ya watu lakini haifiki nguvu ya dawa, ukiambiwa inamaliza chunusi kabisa hapo unauziwa maneno. Na kuna mwongozo wa madaktari wa ngozi wa Marekani wa 2024, wenyewe wanasema ushahidi wa vitamini kwa chunusi bado hautoshi kuzipendekeza. Kwa hiyo jaribu ukijua unajaribu.
Kiasi: usizidi 40 mg kwa siku, hicho ndo kikomo kwa mtu mzima. Hapa watu wengi wanachanganya, soma lebo vizuri, kidonge kilichoandikwa zinki salfeti 220 mg ndani yake zinki yenyewe ni kama 50 mg, kwa hiyo kimoja tu tayari kimevuka kikomo. Meza na chakula, tumbo tupu itakupa kichefuchefu kibaya. Na usikae nayo miaka, zinki nyingi kwa muda mrefu inazuia mwili kufyonza shaba, unaweza kuishia na upungufu wa damu na ganzi miguuni.

MamaWatatu
Samahani mkuu naingilia, hivi vile vidonge vya zinki wanavyopewa watoto wakiharisha pamoja na ORS, mtu mzima anaweza kumeza vile? Maana nyumbani vinabakigi.

Mfamasia_Mza
Vile vya 20 mg, namba hiyo ni ya zinki yenyewe, kwa hiyo kidonge kimoja kwa siku ni sawa kwa mtu mzima, tena ni bei rahisi kuliko makopo ya nje. Ila dada mtoto akipewa dozi ya kuhara amalize siku zake zote 10 mpaka 14 hata kama ameacha kuharisha, visibaki.

Chuma_Arusha
Mi nitaongelea hiyo B komplex maana imenikuta. Nilikuwa na ganzi vidoleni nikapewa vile vidonge vya neva vyenye B1, B6 na B12 nyingi, uso wangu haukuwa na shida yoyote, baada ya muda nikaanza kutokwa vipele vidogo vyekundu vinavyofanana vyote, mashavuni mpaka mgongoni. Nikahisi ni poda ya protini ya mazoezi maana nayo inasemwa sana, wapo wengi gym wamepata chunusi kwa ile inayotengenezwa na maziwa, nikaacha poda wapi, vipele viko palepale. Daktari aliponipima akakuta B12 sina upungufu akanisimamishia vile vidonge na vipele vikapungua taratibu. Kwa hiyo dada kabla hujanunua B komplex ya "ngozi na nywele" angalia nyuma ya kopo B12 iko kiasi gani.

Mfamasia_Mza
Anachosema Chuma kinajulikana. Kuna utafiti ulitoka 2015 Marekani, walikuta B12 ikizidi inawabadilisha wale bakteria wa chunusi wanaokaa kwenye ngozi, wanaanza kutoa kwa wingi kemikali inayowasha ngozi na kuleta uvimbe. Haimpati kila mtu, wengi wanameza B12 na uso uko safi. Na mwenye upungufu wa kweli, au anayetumia metformini (dawa ya kisukari) muda mrefu, asiache B12 kwa sababu ya kipele, azungumze na daktari wake.
Bayotini sasa, hiyo kwa chunusi sijaona ushahidi wa maana, na inaharibu vipimo vya maabara, hasa vya tezi ya shingo na vya moyo, majibu yanatoka ya uongo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo 2017. Ukienda kupima wakati unaitumia, waambie maabara.

Likoni_Njema (Mombasa)
Jamani na hii vitamini A mbona hamuisemi, kwetu huku wasichana wanaipenda sana, mtu anakwambia ile dawa kali ya chunusi isotretinoini si inatokana na vitamini A, bas mimi nitameza vitamini A yenyewe nyingi nyingi nipate matokeo yaleyale kwa bei ya chini. Nina ndugu yangu alikuwa akimeza hivo, midomo ikampasuka, nywele zikatoka, kichwa kikamuuma kila asubuhi mpaka mamake akamtoa vile vidonge mkononi. Nataka wataalamu waseme wazi kwa sababu huyu dada ni mwanamke na bado yuko umri wa kuzaa.

Ngozi_KCMC
Nimesomea ngozi pale Moshi kwenye chuo cha kanda, nitajibu hili na naomba lisomwe lote. Vitamini A nyingi kweli inapunguza mafuta na chunusi, mwaka 1981 kuna madaktari Marekani walichapisha matokeo yao, lakini dozi waliyotumia kwa wanawake ilikuwa yuniti 300,000 kwa siku. Kikomo salama cha mtu mzima ni yuniti 10,000. Linganisheni hapo. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano kwenye kampeni anapewa yuniti 200,000 mara moja na haongezwi mpaka ipite kama miezi sita, mtu mzima anataka kumeza zaidi ya hapo kila siku. Inajaa kwenye ini, haitoki kwa mkojo kama vitamini C, na madhara yake ni hayo aliyosema wa Likoni, kuongezea ini kuumia na mifupa kuuma.
Na kubwa zaidi, inaharibu mtoto tumboni, na wiki zinazoharibika zaidi ni zile za mwanzo ambazo mama wengi hawajajua kama wana mimba. Kwa mwanamke anayeweza kushika mimba mimi nasema vitamini A ya dozi kubwa hapana, hata kidogo. Pia kama mtu amepewa doksisaiklini, antibayotiki inayotumika kwa chunusi, asichanganye na vitamini A, vyote viwili vinaweza kupandisha presha ya ndani ya kichwa, kichwa kinauma na macho yanaona ukungu. Isotretinoini yenyewe ni dawa nzuri sana ila inatolewa na daktari, na kipimo cha mimba na cha damu.

Likoni_Njema (Mombasa)
Shukran sana, hii naipeleka kwenye grupu letu sasa hivi. Na omega 3 je?

Ngozi_KCMC
Omega 3 haina shida, ila matarajio yawe ya kiasi. Kuna jaribio dogo la Korea Kusini la 2014, watu 45, wiki 10, waliotumia gramu 2 kwa siku vipele vilipungua. Dogo lakini lina kundi la kulinganisha. Watu wa pwani mna vibua na dagaa, samaki wa mafuta hao, kuleni kwanza hao kabla ya kununua kopo. Vitamini D nayo ni hivyohivyo, kama kipimo kinaonyesha umepungukiwa tibu upungufu, ila usinunue kwa ajili ya chunusi.
Sasa BintiMakole niulize, unatumia njia gani ya uzazi wa mpango? Na hedhi inakuja kwa mpangilio? Una nywele zinaota kidevuni? Maana chunusi za taya za mwanamke mkubwa zinazopanda kabla ya hedhi, mara nyingi mzizi ni homoni, na hapo tutabishana zinki na omega mpaka kesho.

BintiMakole (Dodoma)
Aisee hilo sikuwahi hata kuliunganisha. Nachoma sindano ya miezi mitatu tangu mtoto akiwa mdogo, na ndo kipindi hichohicho uso ulianza. Hedhi inakuja inavyotaka yenyewe, nywele hapana. Kwahiyo niache sindano?

Ngozi_KCMC
Usiache ghafla bila kuwa na njia nyingine mkononi, mimba isiyopangwa ni kubwa kuliko chunusi. Sindano ile na kijiti vina homoni ya aina moja tu, projestini, na kwa baadhi ya wanawake inazidisha chunusi, sio wote. Nenda kliniki ya uzazi wa mpango uwaambie hivyohivyo ulivyoandika hapa. Vidonge vyenye homoni mbili mara nyingi vinasaidia chunusi, ila havimfai mwenye presha, aliyewahi kuganda damu, mwenye kipandauso cha kuona vimulimuli, au anayevuta sigara na amevuka miaka 35, ndo maana lazima upimwe presha kwanza. Kuna njia isiyo na homoni pia, kitanzi cha shaba. Ukishabadilisha na bado zinasumbua, kuna dawa inaitwa spironolaktoni, jaribio kubwa la Uingereza la wanawake 410 lilitoka 2023 na matokeo yalikuwa mazuri, ila hiyo ni ya daktari na hairuhusiwi kwenye mimba.
Wakati unasubiri, paka benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 usiku, 10 haikupi zaidi ila inaunguza ngozi, na tumia taulo nyeupe maana inachujua rangi. Kwa madoa tafuta asidi ya azelaiki, inafanya kazi kwa chunusi na madoa yote mawili, na mafuta ya kuzuia jua asubuhi. Usiminye. Ngozi yetu kila ukiminya unaongeza doa.

BintiMakole (Dodoma)
Asanteni mno jamani, vitamini A na B komplex nimefuta kwenye orodha. Nitaanza na benzoili peke yake, kliniki nitaenda tarehe ya sindano inayofuata kabla sijachoma, na zinki ntaiongeza baadae ya 20 mg nione kama kuna tofauti. Swali la mwisho, nameza vidonge vya madini chuma kwa ajili ya damu, vinagombana na zinki?

Mfamasia_Mza
Vinagombaniana njia ya kufyonzwa, vitenganishe. Chuma asubuhi, zinki na chakula cha usiku. Maharage na ugali wa dona vinapunguza kidogo zinki inayoingia, usiku ambao kuna nyama au samaki ndo inaingia vizuri. Ukija kuandikiwa doksisaiklini iache mbali na vyote viwili, masaa kadhaa. Ipe zinki miezi mitatu, piga picha sehemu ileile yenye mwanga uleule, kama picha hazina tofauti acha usinunue kopo jingine.