Sindano za steroidi zilikufanyia nini mwilini? Tupeane uzoefu

Mwalimu wa Zamu (mwanzisha mada)

Habari za jioni ndugu zangu. Wengi wetu tunachomwa sindano za steroidi, zile dawa kali za kutuliza uvimbe na mzio, kwa sababu mbalimbali: goti, bega, mgongo, keloidi (kovu linaloota nyama), mzio, pumu. Hospitali mazungumzo huwa ni maumivu tu, yatapungua au hayatapungua. Jinsi mwili unavyobadilika baada ya hapo, yaani hamu ya kula, mafuta, usingizi na nguvu, mtu anaachiwa agundue mwenyewe akiwa nyumbani. Nimefungua uzi huu ili anayekwenda kuchomwa wiki ijayo akute kitu cha kusoma.

Naanza mimi. Bega langu la kulia liliganda, nikawa siwezi kufunga sidiria wala kunyanyua mkono niandike ubaoni. Nikachomwa triamsinoloni, mojawapo ya steroidi hizo, miligramu 40 ndani ya bega. Usiku ule sikupata usingizi. Maumivu sikuwa nayo, ila moyo ulikuwa unakwenda mbio na kichwa kinapanga mambo ya mwezi mzima. Saa tisa usiku nipo jikoni nasugua masufuria ambayo hayakuwa machafu. Uso na shingo vilikuwa vya moto ukigusa. Asubuhi nilikunywa chai na chapati, kabla ya saa nne natafuta wali. Halafu wiki haijaisha, nguvu zikakata. Nikitoka kuoga nilikuwa nakaa kwanza kitandani kabla ya kuvaa. Baadaye yote yalipita, bega likafunguka, na ikibidi nitachomwa tena. Ila hakuna aliyeniambia kwamba haya yapo.

Mkichangia, semeni mlichomwa wapi, dawa gani kama mnaijua, na kama mna ugonjwa mwingine.

Babu Kahawa

Asante mwalimu. Mimi ni goti, na nina kisukari cha muda mrefu. Sukari yangu ya asubuhi kabla ya kula huwa 7 au 8. Kesho yake baada ya sindano nikajitoboa kidole kama kawaida, mashine ikasoma 17.4. Nikadhani kijiti kimeharibika, nikafungua kingine: 17.9. Sikuwa nimekula chochote zaidi ya ugali na mchicha wa jana yake. Kiu, mkojo kila mara, macho yanaona ukungu. Ilichukua karibu wiki kurudi.

Safari iliyofuata nilimwambia daktari kabla hajafungua sindano. Akanipangia kupima asubuhi na jioni, akaniandikia kiwango cha sukari ambacho nikikifika nirudi hospitali, na akaniongezea dawa kwa siku zile chache tu. Mambo yakaenda vizuri. Wenzangu wenye sukari, msiogope sindano yenyewe, ila msichomwe kama nyumbani hamna mashine na vijiti.

Tabibu Mstaafu

Shikamoo Babu Kahawa. Ulichokiona ndivyo dawa hii inavyofanya kazi. Naomba nieleze kidogo ili hadithi zitakazofuata zieleweke.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Inatengeneza homoni iitwayo kortisoli, ambayo ndiyo inayotuamsha asubuhi, inashikilia presha isianguke, na inaliambia ini liachie sukari kwenye damu. Steroidi za hospitali ni ndugu wa homoni hiyo. Mgonjwa wa kwanza wa baridi yabisi alipewa kortizoni, mojawapo ya steroidi hizi, mwaka 1948, Marekani, kwenye kliniki ya Mayo. Mtu aliyekuwa hawezi kutembea akatembea ndani ya siku chache, na mwaka 1950 Hench, Kendall na Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Madhara nayo yalionekana mapema, wagonjwa walipoendelea kupewa dozi kubwa.

Watu husema sindano ya goti inabaki gotini. Sehemu kubwa hufanya kazi pale, lakini dawa huvuja taratibu kuingia kwenye damu. Triamsinoloni miligramu 40 kwa nguvu ni sawa na miligramu 50 hivi za prednisoloni, steroidi ya vidonge, tofauti ni kwamba inatoka kidogo kidogo. Hiyo ndiyo inayokata usingizi, inayowasha uso na kupandisha sukari. Mwili ukiona homoni inaingia kutoka nje, tezi inapunguza kazi yake, mara nyingi kwa wiki moja hadi nne. Uchovu wa mwalimu unaweza kuwa umetokea hapo, ingawa kukosa usingizi peke yake kunatosha kumchosha mtu.

Kuhusu unene: sindano moja haimnenepeshi mtu. Utakula zaidi kwa siku kadhaa na mwili utashika maji na chumvi kidogo, basi. Zikirudiwa mara kwa mara ndipo umbo linabadilika: mafuta yanahamia usoni, tumboni na nyuma ya shingo, huku misuli ya mapaja na mikono ikiyeyuka. Kwa hiyo mizani inaweza kusema umeongezeka wakati nguvu zimepungua.

Mrembo wa Kisauni

Mimi ni keloidi kifuani, ilianza na chunusi tu. Mwenye keloidi anajua: nyama ni ngumu, daktari anasukuma bomba mpaka kidole gumba kinatetemeka, na maumivu yake hayana mfano. Nilikuwa narudi kila baada ya wiki nne hadi sita. Kovu lilishuka kweli, likawa laini na kuwasha kukaisha.

Lakini ngozi ya pembeni ikageuka nyeupe, mistari inayotoka kwenye kovu kuelekea kwapani, na pembeni yake kukawa na shimo dogo ambapo mafuta ya chini ya ngozi yameisha. Kwa ngozi yangu nyeusi ilionekana mbali. Watu wakaanza kuniuliza kama nimeungua. Na hedhi ikavurugika, mara inakuja kabla ya wakati, mara inachuruzika wiki nzima. Nilipouliza nikaambiwa vyote vinajulikana. Rangi imerudi pole pole kwa miezi mingi, shimo bado lipo kidogo. Sijutii, lile kovu lilikuwa linaninyima usingizi. Dada zangu wenye keloidi sikioni au kidevuni, ulizeni habari ya rangi kwanza, kwa sababu pale hapafichiki kwa nguo.

Dereva Masafa

Sindano ya mgongo. Kwikwi. Siku mbili mfululizo kwikwi, mpaka nikiongea na simu watu wananiuliza nalia nini. Iliacha yenyewe.

Tabibu Mstaafu

Pole dereva. Kwikwi ipo kwenye orodha ya madhara ya steroidi, hasa kwa wanaume, na huisha yenyewe.

Dada Mkubwa

Nasimulia ya mdogo wangu kwa ruhusa yake. Alikuwa mwembamba, na karibu na harusi yake watu wakamsema sana. Kila akijaribu gauni, mama wadogo wanaguna. Rafiki akampeleka kwenye duka la dawa wanakochoma "sindano ya mwili". Alikuwa anachomwa na kupewa vidonge vya kumeza usiku. Baadaye tulipookota makasha tukaonyeshwa hospitali: sindano ni deksamethasoni, steroidi kali, na vidonge ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta hamu ya kula.

Alinawiri haraka. Mashavu yakajaa, akawa anang'aa, kila mtu anamsifia. Ila mimi niliyekuwa namfunga zipu niliona kitu kingine. Tumbo na kifua vimejaa, miguu imebaki ile ile, na kwenye mapaja na kwapani kumetokea michirizi ya zambarau. Akipanda ngazi za nyumba yetu anashika ukuta. Usiku halali, mchana anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Picha za harusi ukiziangalia, uso ni wa duara kabisa, si wa kwetu.

Harusi ikaisha, akaacha dawa siku moja. Wiki hiyo hiyo akaanza kutapika, hana nguvu hata ya kushika kikombe, tumbo linamuuma. Tukadhani ni malaria, tukadhani ni mimba. Akaanguka bafuni. Hospitali presha ilikuwa chini sana na sukari chini. Daktari mmoja kijana akamtazama uso, akatazama ile michirizi, akauliza: "Ulikuwa unachomwa nini?" Wakamwekea haidrokotisoni, yaani kortisoli ya hospitali, kwenye mshipa na dripu, na jioni akawa anaongea. Alirudishwa kwenye vidonge na kupunguziwa taratibu kwa miezi, maana tezi zake zilikuwa zimelala.

Yule daktari kijana ndiye aliyemuokoa kwa kuuliza swali moja. Nawaomba, mkisikia mtu aliyekuwa anatumia dawa za kunenepa ameacha ghafla na anatapika, msimpe dawa za malaria mkamlaza nyumbani. Mpelekeni hospitali na makasha.

Tabibu Mstaafu

Dada Mkubwa, nimesoma mara mbili. Tafadhali wote shikeni hili: aliyetumia steroidi kwa wiki kadhaa haachi kwa siku moja. Anapunguza kwa hesabu ya daktari. Na akipata ajali, homa kali au upasuaji ndani ya kipindi hicho, awaambie wanaomhudumia, kwa sababu mwili hauwezi kujitengenezea kortisoli ya dharura.

Mwana wa Nakuru

Kwetu ni mzee. Alikuwa na maumivu ya viungo, akapata mahali anadungwa sindano akasema hiyo ndiyo dawa. Akidungwa asubuhi, jioni anatembea shambani, anakula, ana furaha. Ikiisha nguvu anarudi. Hakuna aliyekuwa anaandika mahali popote amedungwa nini. Familia ilifurahi kwa sababu alikuwa anaonekana amenona.

Kilichotushtua ni kiti. Mzee alikuwa hawezi kuinuka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono. Ukimshika mkono mapaja yanatetemeka. Ngozi ya mikono imekuwa nyembamba, ukimgonga kidogo damu inavilia. Kisha akateleza mlangoni, si kuanguka kwa nguvu, na nyonga ikavunjika. Daktari wa mifupa alisema mifupa imepungua na misuli imekwisha, na sindano zimechangia. Amepona ila anatembea na mkongojo. Sasa yuko kwa dawa halisi ya ugonjwa wake, methotreksati mara moja kwa wiki, na mazoezi ya mapaja kila siku. Anaamka kwenye kiti mwenyewe.

Mlio na wazazi wanaodungwa kila mara, wajaribuni na kiti. Mikono kifuani, wasimame.

Chuma cha Ubungo

Mimi nilichoma za gym, testosteroni. Misuli ilikuja, nguvu pia, na hamu ya kila kitu. Nilipoacha nikawa mtu wa kulala, kifua kimeota nyama chini ya chuchu inauma, na korodani zilikuwa zimesinyaa. Je, ni zile zile?

Tabibu Mstaafu

Hapana kijana. Jina linafanana kwa sababu ya umbile la kemikali. Zenu zinajenga misuli, hizi za hospitali zinaibomoa. Kinachofanana ni kwamba zote mbili zinailaza tezi ya mwili, kwako ni korodani. Mbegu za uzazi hushuka pia. Nenda ukapimwe homoni, usijitibu kwa dawa nyingine ya mtaani.

Narudi kwenye goti, maana wengi wameniuliza pembeni. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa watu 140 wenye goti lililosagika. Nusu walichomwa triamsinoloni kila miezi mitatu kwa miaka miwili, nusu maji ya chumvi. Maumivu hayakutofautiana mwishoni, na waliochomwa steroidi gegedu lao, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, lilipungua zaidi. Ndiyo maana hatupendi kuzidisha sindano tatu au nne kwa mwaka kwenye kiungo kimoja. Kwa maumivu yaliyochachamaa inasaidia kwa wiki kadhaa, na wiki hizo ndizo za kufanya mazoezi. Goti likiuma zaidi siku ile au ya pili, weka barafu. Likivimba, likawa la moto na una homa, nenda hospitali usiku huo huo.

Sina Jina

Naandika kwa akaunti mpya. Natumia ARV, za mstari wa pili, zina ritonaviri. Nilichomwa sindano moja tu ya bega, na niliulizwa kuhusu sukari na presha, ARV hazikutajwa. Miezi iliyofuata uso ukajaa, nundu nyuma ya shingo, uchovu ambao hata kufua ilikuwa mlima. Je, sindano moja inaweza kufanya hivi?

Tabibu Mstaafu

Inaweza, na nashukuru umeandika. Ritonaviri inazuia ini kuivunja triamsinoloni. Dawa iliyotakiwa kuisha kwa wiki chache inakaa na kujikusanya, na tezi zako zinalala. Kobisistati, iliyomo kwenye baadhi ya ARV, hufanya vivyo hivyo. Wanaotumia ARV iitwayo dolutegraviri bila hizo mbili hawana tatizo hili. Nenda kliniki yako mapema wiki hii, sema uliyoyaandika hapa, waombe wapime kortisoli ya asubuhi. Usiache ARV. Usichomwe nyingine. Ukianza kutapika au kuzimia kabla ya hapo, ni dharura.

Sina Jina

Asante daktari. Naenda kesho asubuhi kabla ya kula.

Mwalimu wa Zamu

Tunakusubiri utuambie. Uzi uko wazi. Bado sijasikia kina mama waliochomwa deksamethasoni wakiwa wajawazito ili mapafu ya mtoto yakomae, hasa wenye kisukari cha mimba. Sukari ilikwendaje, na mlilala?